Daktari John Rock na Vidonge vya Homoni

Wako akina mama Wakatoliki wanaoandikiwa na daktari vidonge vya homoni kwa sababu damu ya mwezi inawatoka kupita kiasi. Hurudi nyumbani na wasiwasi: je, nikivimeza nitakuwa nimetenda dhambi? Bwana akiiona pakiti hunyamaza, na chakula cha jioni kinaliwa kimya kimya. Kabla ya kujibu swali hilo, hebu tutazame maisha ya Mkatoliki mmoja ambaye vidonge hivyo vilipitia mikononi mwake.

John Rock alizaliwa tarehe 24 Machi 1890 huko Marlborough, Massachusetts, nchini Marekani, katika familia yenye asili ya Ireland. Akiwa kijana alifanya kazi kwenye mashamba ya ndizi huko Guatemala, kisha akasomea udaktari Harvard na kumaliza mwaka 1918. Mwaka 1925 alimwoa Anna Thorndike, na Kardinali William O'Connell wa Boston ndiye aliyewafungisha ndoa. Walijaliwa watoto watano. Kila asubuhi Daktari Rock alikwenda Misa, na msalaba ulining'inia ukutani juu ya meza yake ya kazi.

Kazi yake kubwa haikuwa kuzuia watoto, bali kuwatafuta. Katika Free Hospital for Women, Brookline, alihudumia kwa miaka mingi wanawake walioolewa wakakosa kuzaa. Mnamo 1936 alifungua humo kliniki ya kuwafundisha wanandoa kuhesabu siku za rutuba na siku salama, njia ambayo Kanisa halikuikataa. Mwaka 1944, yeye na msaidizi wake Miriam Menkin walitangaza kwamba wamerutubisha yai la binadamu nje ya mwili, katika chombo cha maabara. Hapo tayari alikuwa amevuka mpaka ambao Kanisa halimruhusu mtu kuuvuka.

Ili kuelewa yaliyofuata, ni lazima tujue kidogo jinsi mwili wa mama unavyofanya kazi. Yai likishatoka kwenye ovari, mahali lilipotoka hubaki kijifuko kinachotengeneza homoni ya projesteroni. Homoni hiyo huandaa ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi na kuituliza misuli yake, huku ikizuia ubongo usiamuru yai lingine lipevuke. Mimba isipotungwa, projesteroni hushuka, ukuta ule hubomoka, na hiyo ndiyo hedhi. Mimba ikitungwa, homoni hubaki juu, na kwa miezi yote tisa hakuna yai jipya.

Mapema katika miaka ya 1950 Daktari Rock aliwapa wanawake 80 wasiozaa estrojeni na projesteroni kwa miezi kadhaa, akitumaini kwamba viungo vyao vya uzazi vikipumzika vitapata nguvu. Dawa ilipoachwa, 13 walishika mimba. Lakini kulikuwa na uchungu ndani yake. Walipokuwa wakimeza dawa, hedhi ilikoma na matiti yakajaa, na baadhi yao waliamini kwamba hatimaye Mungu amewajalia mtoto. Fikiria kazi ya kumwambia mama wa namna hiyo kwamba hakuna mtoto. Ndipo mwanasayansi Gregory Pincus akashauri dawa imezwe siku 20, kisha iachwe siku chache ili damu itoke. Mapumziko yale ya kila mwezi, ambayo mpaka leo yamo katika pakiti nyingi, yalianzia hapo.

Kwa Daktari Rock, kutoka hapo hadi vidonge vya kupanga uzazi ilikuwa hatua fupi. Pincus alileta dawa zilizotengenezwa viwandani, zenye nguvu ya projesteroni. Kwa kuwa sheria ya Massachusetts ilikataza njia za kuzuia mimba, jaribio kubwa lilifanywa Puerto Rico kuanzia 1956. Daktari Edris Rice-Wray aliyelisimamia aliripoti kwamba asilimia 17 ya wanawake walilalamikia kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu, na kwamba dawa hiyo haifai kwa matumizi ya wote. Rock na Pincus hawakuyatilia uzito. Hapo simtetei hata kidogo. Kidonge cha kwanza kilikuwa na miligramu 10 za norethinodreli, kiasi kikubwa mno ukilinganisha na cha siku hizi, na baadaye ilionekana kwamba dawa za namna hii zinaweza kugandisha damu kwenye mishipa.

Serikali ya Marekani iliiruhusu dawa hiyo mwaka 1957 kwa matatizo ya hedhi, na 1960 kwa kuzuia mimba. Rock, aliyefiwa na mkewe mwaka 1961, alitoa kitabu mwaka 1963 akieleza kwamba kidonge kinarefusha tu siku salama ambazo maumbile yenyewe yameziweka. Alisadiki kwa moyo wote kwamba Roma itakubali. Papa Yohane wa XXIII aliunda tume, Papa Paulo wa VI akaipanua, na wengi wa wajumbe wake wakaelekea kuleta badiliko. Lakini tarehe 25 Julai 1968, katika Humanae Vitae, Papa Paulo alikataa.

Waraka huohuo ndio unaomjibu mama tuliyeanza naye. Kanisa halikatazi dawa inayohitajika kuponya ugonjwa, hata kama inajulikana kwamba itazuia mimba kwa muda, mradi kuzuia huko kusiwe ndiyo nia. Papa Pius wa XII alikuwa amefundisha hivyo tangu 1958. Basi bwana, usinune. Fuatana na bibi kwa daktari, muulizeni dawa hiyo inatibu nini, itamezwa kwa muda gani, na kama bibi ana shinikizo la damu au aliwahi kugandiwa na damu mguuni.

Daktari Rock alihamia Temple, New Hampshire. Yule aliyeianza kila siku kwa Misa aliacha kwenda kanisani. Alifariki tarehe 4 Desemba 1984, akiwa na umri wa miaka 94.