Habari za Johann Gottfried Herder, Mchungaji Aliyetafuta Asili ya Lugha

Mwezi huu twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za Johann Gottfried Herder, mchungaji wa Kilutheri wa nchi ya Wadachi. Wenye elimu wamjua sana, lakini katika sharika zetu hatajwi mara nyingi. Wengi humkumbuka kwa ajili ya nyimbo za mataifa alizozikusanya. Sisi twamkumbuka hapa kwa ajili ya swali moja lililomsumbua tangu ujana hata uzee wake: mwanadamu aliipataje lugha, na kwa nini mnyama, aliye na masikio na ulimi na sauti kama sisi, hakuipata?

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1744 katika mji mdogo wa Mohrungen, Prussia ya Mashariki. Siku hizi mji huo umo katika nchi ya Poland, nao waitwa Morąg. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, tena mpiga kengele wa kanisa, na mapato yake yalikuwa haba. Kijana alipokua alikaa katika nyumba ya shemasi mmoja, jina lake Trescho, akamnakilia maandiko yake. Na kwa kuwa shemasi yule alikuwa na vitabu vingi, mwandishi mdogo alivisoma kwa siri na kwa bidii. Lakini alikuwa na ugonjwa katika jicho moja, likitoka machozi daima, wala hakupona maisha yake yote.

Mwaka 1762 daktari mmoja wa jeshi la Warusi alipita katika mji ule, akamwonea huruma, akamchukua mpaka Königsberg ili asome uganga. Basi siku ya kwanza walipoipasua maiti mbele ya wanafunzi, Herder alizimia. Akaacha uganga, akajiandikisha kusoma mambo ya Mungu. Mwalimu Immanuel Kant, ambaye jina lake lilikuwa bado halijaenea duniani, alimruhusu kuyasikiliza masomo yake bila malipo. Akapata na rafiki, Johann Georg Hamann, mtu wa imani nyingi na maneno ya mafumbo, aliyemfundisha Kiingereza. Yafaa wasomaji wawakumbuke watu hawa wawili, maana wote wawili walikuja kupingana naye.

Tangu 1764 alifundisha na kuhubiri katika mji wa Riga, watu wakampenda. Hata mwaka 1769 akaona kwamba anazeeka kabla ya kuuona ulimwengu, akapanda merikebu kwenda Ufaransa. Mwaka uliofuata alifika Strasbourg ili jicho lake litibiwe. Mganga alikata, akatoboa mfupa wa pua ili machozi yapate njia. Akarudia tena na tena kwa majuma mengi, wala haikufaa kitu. Katika chumba kile cha maumivu alitembelewa mara kwa mara na mwanafunzi mmoja, kijana wa miaka 21, jina lake Goethe, ambaye baadaye alikuwa mshairi mkuu wa Wadachi. Na ndani ya chumba kile, mwishoni mwa mwaka 1770, Herder aliandika kitabu chake juu ya asili ya lugha.

Sababu yake ilikuwa hii. Akademia ya mfalme katika Berlin ilikuwa imetoa swali, na tuzo kwa atakayelijibu vema: je, wanadamu wakiachwa na nguvu zao za asili tu, wangaliweza kujitungia lugha, na kwa njia gani? Swali hili halikuwa mchezo wa wenye nafasi. Mwaka 1637 Mfaransa Descartes alikuwa amefundisha kwamba wanyama ni kama mitambo. Walia na kukimbia, lakini hawafikiri, na dalili yake ni kwamba hawasemi. Mfaransa mwingine, Condillac, aliandika mwaka 1746 kwamba lugha ilitoka katika vilio: watoto wawili wakiwa peke yao jangwani wangelia kwa hofu na njaa, na vilio vyao vingegeuka kidogo kidogo kuwa maneno. Ikiwa ndivyo, mtu na mnyama watofautiana kwa kadiri tu. Naye Süssmilch, mchungaji wa Kilutheri katika Berlin na mmoja wa Akademia ile, alichapisha mwaka 1766 kitabu cha kukana jambo hilo. Alisema kwamba lugha yahitaji akili na akili yahitaji lugha, basi mtu asingaliweza kuanza mwenyewe. Ni lazima Mungu alimfundisha maneno.

Wakristo wengi waliridhika na jibu la Süssmilch. Herder, ingawa alikuwa mchungaji, hakuridhika. Aliuliza: kama Mungu alimfundisha mtu asiye na neno lo lote wala akili ya kutambua neno, mtu huyo aliyasikiaje mafundisho? Mwanafunzi asiyeweza kufahamu hafundishiki, hata mwalimu akiwa Mungu. Kwa hiyo uwezo wa lugha ulikuwa ndani ya mtu tangu mwanzo. Wala hakudhani kwamba kwa kusema hivyo amempunguzia Mungu utukufu. Kwake yeye, kumwumba kiumbe anayeweza kuzaa lugha ni kazi kubwa kuliko kumpa orodha ya maneno.

Kwa Condillac naye alijibu kwa nguvu. Alikubali wazi kwamba mtu hulia kama mnyama, na kwamba vilio hivyo ni namna ya lugha ya mwili tunayoshirikiana na wanyama. Lakini kilio, hata kikirudiwa mara elfu, hakigeuki neno pasipo roho inayokusudia kukitumia kama neno.

Kisha akaeleza fikira zake mwenyewe, na hapa ndipo twaona ubora wake. Mtazame buibui, alisema, atandavyo utando wake, na nyuki ajengavyo sega. Wana ustadi mkubwa usiofundishwa na mtu, lakini ulimwengu wao ni mdogo. Buibui hana kazi nyingine ila utando. Mtu huzaliwa uchi, dhaifu, bila ustadi wo wote, na ulimwengu wake hauna mpaka. Silika iliyo nyembamba na kali kwa mnyama, kwake imelegea. Mahali pake amepewa nguvu ya kutulia, kuyazuia mawimbi ya mambo yanayomjia machoni na masikioni, kuchagua moja, na kulitambua kwa alama.

Mfano wake ni kondoo. Mbwa mwitu akimwona kondoo, aona chakula; kondoo dume aona jike; wote wawili wavutwa na haja yao. Mtu asiye na haja naye husimama na kumtazama: ni mweupe, ni laini, ana manyoya. Atafuta alama ya kumjulia. Mara kondoo analia. Sauti ile yaingia rohoni, yashika. Siku ya pili aonapo kiumbe yule na kusikia mlio, amtambua kuwa ndiye aliaye. Hapo neno limekwisha kuzaliwa, hata kama mtu huyo ni bubu na yu peke yake. Kwa Herder, basi, lugha haikuanza kwa kuzungumza na wengine, bali kwa kufikiri. Kufikiri na kutaja ni tendo moja. Sisi tunaosema Kiswahili twaweza kumwunga mkono kidogo, maana pikipiki ilipofika kwetu hatukuhitaji mtu wa kutufundisha jina lake. Lakini kwa maneno kama haki na tumaini, yasiyo na mlio, maelezo yake ni dhaifu zaidi. Alisema kwamba milango ya fahamu imeungana ndani yetu, hata tunachokiona au kukigusa chaweza kuvishwa sauti. Huenda ni kweli, ila hakuthibitisha.

Akademia ilimpa tuzo mwaka 1771, na kitabu kikapigwa chapa 1772.

Tangu siku zake wanyama wamechunguzwa kwa uangalifu mwingi. Karl von Frisch alionyesha kwamba nyuki arudipo mzingani hucheza, na mchezo wake huwaarifu wenzake upande na umbali wa maua. Kwa utafiti wake alishiriki tuzo ya Nobel mwaka 1973. Kwetu Afrika, katika Amboseli nchini Kenya, wachunguzi walieleza mwaka 1980 ya kuwa tumbili wana milio mbalimbali: mmoja kwa chui, nao hupanda mtini, mmoja kwa tai, nao hutazama juu, mmoja kwa nyoka, nao hutazama chini. Hata sauti ilipotolewa kwa mashine, pasipo adui, walifanya vivyo hivyo. Naye sokwe Washoe, huko Marekani, alifundishwa ishara nyingi za viziwi, na wenye elimu wangali wanabishana kama aliziunga kwa kanuni ya lugha. Herder aliwanyima wanyama mengi waliyo nayo. Hata hivyo bado hatujamwona nyuki akiuliza swali.

Jambo lililomwumiza halikutoka kwa maadui. Hamann, rafiki yake, aliposoma kitabu kile alichukizwa, akamshutumu hadharani kwamba amemtenga Mungu na neno. Herder alikuwa wakati ule mhubiri wa mtawala wa Bückeburg, mpweke, akingoja kumwoa Karoline Flachsland. Wakaoana mwaka 1773. Lawama ile ilimwingia. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1774 juu ya sura za kwanza za Mwanzo alimkaribia Hamann tena, akasema zaidi juu ya Mungu afundishaye.

Mwaka 1776, kwa msaada wa Goethe, aliitwa Weimar kuwa mwangalizi mkuu wa makanisa. Alihubiri, akasimamia shule, akachoka kwa barua na mahesabu. Huko aliandika kitabu chake kikubwa juu ya historia ya wanadamu, sehemu nne, kati ya 1784 na 1791. Ndani yake aliwaita wanyama ndugu wakubwa wa mwanadamu, kwa kuwa walitangulia kuumbwa. Na katika siku ambazo Wazungu wengine waliwahesabu Waafrika karibu na nyani, yeye alisema wazi kwamba nyani si ndugu yako, bali Mwafrika ni ndugu yako, usimwonee wala kumwibia. Alikataa hata kuwagawa wanadamu katika mbegu mbalimbali. Yatupasa kusema pia kwamba hakuifika Afrika kamwe, na baadhi ya mambo aliyoyaandika juu ya miili ya watu wetu, akifuata vitabu vya wasafiri, ni upuuzi.

Kant, mwalimu wake wa zamani, alikipima kitabu hicho mwaka 1785, akakiona kimejaa mifano kuliko hoja. Herder hakusahau. Mwaka 1799 alijibu kwa kitabu kikali, akimlaumu Kant kwamba amechunguza akili safi kana kwamba akili yaweza kufikiri bila lugha, na lugha bila masikio na desturi za watu. Kwa hasira yake alipoteza marafiki, na wengi walimcheka. Lakini hoja yenyewe haikufa. Wanafalsafa wa karne ya ishirini waliirudia kwa maneno mengine.

Alifariki Weimar tarehe 18 Desemba 1803. Kant alimfuata mwezi wa Februari 1804. Herder alizikwa ndani ya kanisa alilolihubiria, lenye picha ya Cranach ya mwaka 1555 juu ya madhabahu, ambamo Luther ameonyeshwa amesimama na Biblia mkononi. Kanisa hilo lilipigwa mabomu mwaka 1945, likajengwa upya, na watu wa Weimar huliita Kanisa la Herder.