Hermann Staudinger: alichekwa na wenzake, akachongewa serikalini

Ukitoka hapa Doha kwa gari kuelekea kusini, mwendo wa kilomita kama 40 hivi, unafika Mesaieed, mji wa bandari na viwanda. Huko ndiko gesi ya Qatar inakogeuzwa plastiki. Kampuni ya QAPCO iliundwa mwaka 1974 kutengeneza polithini laini, ile ya mifuko inayonyumbuka. Q-Chem iliyokuja baadaye ikaanza kutoa polithini ngumu, ya mabomba na madumu. Malighafi ni ile ile, gesi ya etilini. Sasa inakuwaje kitu kimoja kizae watoto wawili wasiofanana? Jibu linatupeleka kwa marehemu Hermann Staudinger.

Alizaliwa Worms, Ujerumani, tarehe 23 Machi 1881. Mwenyewe alitaka kusomea mimea, lakini baba yake akamshauri aanze na kemia ili aielewe mimea vizuri zaidi. Kemia ikamteka moja kwa moja. Mwaka 1912 alikuwa profesa Zurich, Uswisi, na 1926 akahamia Chuo Kikuu cha Freiburg.

Wakati huo wataalamu waliamini kwamba mpira, pamba na wanga ni molekuli ndogo ndogo zilizojikusanya kama nyuki kwenye mzinga, zikishikwa na nguvu ambazo hakuna aliyeweza kuzieleza barabara. Mwaka 1920 Staudinger akaandika kwamba sivyo. Alisema hiyo ni minyororo mirefu ya maelfu ya atomi, na kila pete imeungwa kwa kiungo cha kawaida cha kemia. Wakubwa wakamcheka. Heinrich Wieland, bingwa wa kemia aliyepata Nobel, alimshauri aachane na habari ya molekuli kubwa. Asafishe tu mpira wake vizuri, ataona unaganda kuwa fuwele kama vitu vingine.

Hakuacha. Mwaka 1922 aliujaza mpira hidrojeni. Kama wakubwa wangekuwa sahihi, rundo lile lingesambaratika. Halikusambaratika. Kisha akapima jinsi polima zinavyoufanya mmumunyo uwe mzito kama uji, akaonyesha kuwa kadiri mnyororo unavyorefuka ndivyo uji unavyozidi uzito.

Jaribio linalotuvutia zaidi ni la mwaka 1934. Polistirini ya kawaida huyeyuka kwenye benzini. Yeye na msaidizi wake wakaitengeneza upya wakiongeza kiungo chenye mikono miwili, kinachoweza kushika minyororo miwili kwa pamoja. Kiasi chake kilikuwa asilimia 0.002, yaani gramu 2 katika kilo 100. Polistirini ikagoma kuyeyuka. Ikavimba tu, basi. Nyuzi zilizokuwa huru zilikuwa zimefungwa mafundo zikawa wavu. Vitu ni vile vile, ila umbo limebadilika, na tabia nayo ikabadilika.

Mwaka huo huo wa 1934 ndio uliokaribia kummaliza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Staudinger alikuwa ameandika kwamba Ujerumani haiwezi kushinda, kwa kuwa viwanda vya Marekani vina nguvu mno, na akapinga hadharani matumizi ya gesi za sumu. Miaka ikapita. Mwanafalsafa mashuhuri Martin Heidegger, aliyekuwa mkuu wa chuo pale Freiburg chini ya Manazi, akalifukua faili hilo, akalipeleka kwa wakubwa na kupendekeza profesa afukuzwe. Gestapo wakamhoji. Akalazimishwa kusaini barua ya kujiuzulu, nayo ikawekwa kando isubiri mwenendo wake. Baada ya miezi kadhaa jambo hilo likaachwa. Sisi tulioacha makwetu kwa sababu ya kalamu tunaijua hali ya kufanya kazi huku karatasi kama ile imelala kwenye droo ya mtu. Hatumlaumu kwa kuwa mpole baada ya hapo.

Novemba 1944 mabomu ya Waingereza yakaiteketeza Freiburg pamoja na maabara yake. Akaanza upya, akiwa na mkewe Magda, mtaalamu wa mimea kutoka Latvia.

Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1953, akiwa na miaka 72. Mwaka huo huo Karl Ziegler, naye Mjerumani, aligundua namna ya kutengeneza polithini iliyonyooka bila mgandamizo mkubwa. Hapo tunarudi Mesaieed. Polithini laini ina matawi mengi ubavuni, kama mzigo wa matawi ya mwiba: haishikamani, na huyeyuka kwenye nyuzijoto 110 hivi. Ile ngumu imenyooka kama boriti za mikoko zilizokuwa zikipakiwa majahazini kutoka Lamu kuja huku Ghuba. Hulala zikibanana, hivyo hustahimili hadi nyuzijoto 130 hivi. Baadaye, kati ya miaka ya 1970 na 1980, wakemia walifika mahali pa kupanga kila tawi litoe matawi mengine hadi molekuli iwe kama mpira. Hizo huitwa dendrima.

Minyororo hiyo haikatiki kirahisi, ndiyo maana mifuko ilijaa mitaroni kwetu hadi Kenya ikaipiga marufuku mwaka 2017, na Tanzania Bara 2019.

Staudinger alifariki Freiburg tarehe 8 Septemba 1965. Habari ya lile faili ilikuja kujulikana kwa umma miaka ya 1980, mwanahistoria Hugo Ott alipoifukua. Heidegger alikuwa ameshafariki, lakini Magda alikuwa bado hai.