JALINUS NA MISHIPA YA FAHAMU

Jalinus, ambaye Wazungu humwita Galen, alikuwa tabibu wa Kiyunani. Alizaliwa mwaka 129 baada ya Nabii Isa katika mji wa Pergamon, ambao leo ni Bergama, nchi ya Uturuki. Baba yake, Nikon, msanifu wa majengo, alimlea katika hesabu na kutaka dalili ya kila jambo. Baba alipofariki, kijana alisafiri kutafuta elimu hata akafika Iskandaria. Mwaka 157 alirejea kwao, akawekwa kuwatibu watu waliopiganishwa kwa silaha uwanjani, na majeraha yao yakawa chuo chake. Mwaka 162 alikwenda Roma.

Zama zile wenye hekima wengi, wafuasi wa Aristotle na wengineo, walishika kwamba moyo ndio unaoamrisha viungo. Jalinus hakutosheka na kauli tupu. Mbele ya watu aliifunga kwa uzi mishipa ya fahamu iendayo kooni mwa nguruwe. Mnyama akapoteza sauti, hali moyo wake ungali wapiga. Uzi ulipofunguliwa, sauti ikarejea. Kisha aliukata ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo wa wanyama, mahali mbali mbali. Ulipokatwa chini, miguu ilipooza. Ulipokatwa juu shingoni, pumzi zilikatika. Ikabainika ya kuwa amri hutoka katika ubongo, ikashuka kwa ugwe ule, ikagawanyika katika mishipa mpaka kwenye nyama za viungo.

Elimu hiyo ilimfaa mgonjwa mmoja, Pausanias, mtu wa Shamu. Vidole vyake vilikufa ganzi, ingawa viliweza kwenda. Matabibu walimpaka dawa mkononi siku nyingi, wasifanikiwe. Jalinus alimhoji, akafahamu kwamba alianguka garini na kuumia mgongoni karibu na shingo. Akaihamisha dawa mpaka hapo, kwenye shina la mshipa, na vidole vikapona. Tena alijua kutokana na hayo kwamba mshipa wa kuhisi si ule wa kuendesha kiungo.

Lakini Jalinus naye alikosea. Alidhani ndani ya mishipa hiyo hupita pumzi laini itokayo katika ubongo, na watu wakaishika kauli hiyo kwa karne nyingi kwa kuwa ni yake. Mwaka 1791 Galvani, mtu wa Italia, alitangaza kwamba miguu ya chura aliyekufa hushtuka kwa umeme. Na leo yajulikana kwamba habari hupita katika mishipa kwa nguvu ndogo ya umeme.

Vitabu vya Jalinus vilifasiriwa Baghdad katika karne ya 9 na Hunayn bin Is-haq na wenziwe. Baada yao tabibu Abu Bakr Razi alimkiri kuwa ni mwalimu wake, kisha akaandika kitabu kizima cha kuonyesha penye shaka katika maneno yake. Hakumvunjia heshima kwa hayo. Alimfuata katika lile lililo bora kwake, nalo ni kutaka dalili.