Maisha ya Franco, Aliyeanza kwa Gitaa la Kopo

Katika likizo ya mwezi wa Juni mimi na mdogo wangu tuliunda gitaa nyumbani kwetu, huku Tukuyu. Tulichukua debe la mafuta ya kula la lita 5, tukalitoboa, tukalipachika shingo ya mti wa mlingoti, kisha tukafumua waya wa breki wa baiskeli mbovu tukapata nyuzi nne. Sauti yake ilikuwa kama ya nyuki walio ndani ya chupa, lakini sisi tuliiona tamu.

Baba hakufurahi. Alinikumbusha kwamba mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne na mtihani uko mbele yangu, tena akaongeza kwamba gitaa ni mlango wa uhuni. Nikanyamaza, maana mtoto habishani na baba. Lakini jambo moja lilinishangaza. Baba huyohuyo, wimbo wa Mario ukipigwa redioni, huongeza sauti na kututaka sote tukae kimya. Basi nikaona yafaa nitafute habari za mtu aliyeuimba wimbo huo, nami nawaletea hapa kwa ufupi.

Marehemu François Luambo Makiadi, ajulikanaye kwa jina la Franco, alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 katika kijiji cha Sona Bata, nchini Kongo. Alikulia katika mji wa Léopoldville, ambao leo huitwa Kinshasa. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na mama yake alikuwa akiuza maandazi katika soko la Ngiri-Ngiri.

Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, Franco alijitengenezea gitaa. Hakuwa na fundi wala duka la vifaa. Alichukua kopo, na badala ya nyuzi akatumia nyaya za umeme alizozimenya ganda lake. Akawa anakaa karibu na meza ya mama yake sokoni, anapiga gitaa lake, na watu wanaopita wanasimama kusikiliza. Aliyesimama kusikiliza hununua andazi. Kwa hiyo gitaa lile la kwanza halikuwa mchezo wa mtoto tu, bali lilisaidia kuleta mkate nyumbani.

Mwaka wa 1949 baba yake alifariki dunia, naye Franco akalazimika kuacha shule akiwa na miaka kumi na mmoja. Jambo hili nawaomba wenzangu walitazame vizuri. Wako watu wasemao kwamba Franco hakusoma na bado akawa mkuu, kwa hiyo shule haina maana. Hao wanakosea. Franco hakuikimbia shule, ila msiba ndio uliomtoa.

Bahati yake ilikuwa kwamba palikuwa na kijana mmoja aliyeitwa Dewayon, ambaye alikuwa na gitaa la kweli na alijua kulipiga. Dewayon alimfundisha, na mwaka wa 1950 akamwingiza katika kundi lake lililoitwa Watam. Kopo lilikuwa limevizoeza vidole vya Franco, lakini lisingeweza kumfikisha mbali. Alihitaji mwalimu na chombo cha kweli, naye alipovipata hakuvichezea.

Mwaka wa 1953 Franco alipokelewa katika studio ya Loningisa, iliyokuwa mali ya Mgiriki aliyeitwa Papadimitriou. Huko alikutana na mpiga gitaa hodari Henri Bowane, na ndiko lilikotoka jina lile fupi la Franco. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano tu. Katika mwezi wa Juni 1956, yeye pamoja na wenzake kama Jean Serge Essous na Vicky Longomba waliunda bendi ya OK Jazz. Herufi hizo zilitoka kwenye baa iliyoitwa OK Bar, walikokuwa wakipiga muziki. Baadaye bendi hiyo iliitwa TPOK Jazz, na ikakua hata ikawa na wanamuziki zaidi ya thelathini.

Franco alipiga nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, na watu wakampa sifa ya mchawi wa gitaa. Gitaa lililompa sifa hiyo ni gitaa la umeme, na hapa nataka kueleza jambo tulilojifunza mimi na mdogo wangu. Gitaa la umeme husikia kwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara nyingi sana. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo hutokea katika waya ule, nao hupelekwa katika kipaza sauti. Sisi tulitoa sumaku katika spika ya redio iliyokufa, tukaizungushia waya, tukaiunga na redio ya baba alipokuwa shambani. Ikalia! Mdogo wangu akajaribu kuweka uzi wa shaba, kama zilivyo nyaya nyingi za umeme. Redio ikanyamaza kabisa, kwa kuwa sumaku haivuti shaba.

Wasomaji wapenzi, maisha ya Franco hayakuwa manyoofu. Mwaka wa 1958 alifungwa kwa kosa la barabarani, na mwaka wa 1978 akafungwa tena kwa sababu ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za aibu. Lakini alikuwa pia mtu wa kuonya. Wimbo wa Mario, uliotoka mwaka wa 1985, unamsema kijana mwenye elimu anayekaa bure akilishwa na mwanamke aliyemzidi umri. Mwaka wa 1987, watu wengi walipokuwa bado wanaona haya kuutaja ugonjwa wa UKIMWI, yeye alitoa wimbo wa kuwahadharisha. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1989 huko Namur, Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Serikali ya nchi yake, iliyoitwa Zaire wakati huo, ilitangaza siku nne za maombolezo.

Nilipomsimulia baba habari hizi, alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza kama ni kweli kijana yule aliwasaidia wazazi wake kwa kopo. Nikamjibu kuwa ni kweli. Hakusema neno jingine, ila alilitundika gitaa letu yeye mwenyewe jikoni, juu ya kuni, akaniagiza nisiliguse mpaka nimalize mtihani. Nami nimekubali, maana sikulipoteza.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Sauti ile inayowafanya wazee wetu waongeze redio iliundwa kwanza na mtoto wa soko, kwa kopo na waya uliotupwa. Wenzangu, tuanze na tulicho nacho, lakini tusikatae mwalimu anapotokea.