Philly Lutaaya: Mwimbaji Aliyekataa Kuficha Maradhi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini mimi sikuuona uzito wake hadi niliposoma habari za Philly Bongoley Lutaaya wa Uganda.

Lutaaya alizaliwa Oktoba 1951, na tangu ujana wake kazi yake ilikuwa muziki. Katika miaka ya 1980 alihamia Uswidi, akaishi mjini Stockholm. Wimbo wake "Born in Africa" ulimpa sifa kubwa nyumbani, na nyimbo zake za Krismasi hupigwa Uganda kila Desemba mpaka leo.

Wakati huo Uganda ilikuwa na msiba. Mapema katika miaka ya 1980 ugonjwa wa ajabu ulizuka wilayani Rakai, karibu na Ziwa Victoria. Kwa kuwa uliwakondesha watu sana, wenyeji waliuita Silimu. Wengine walidhani ni uchawi. Kumbe ulikuwa Ukimwi! Serikali ilianza kuuzungumzia waziwazi, na mwaka wa 1987 shirika la TASO likaanzishwa kuwatunza wagonjwa. Hata hivyo, majumbani bado ilikuwa siri. Mtu akifa, jamaa walitaja ugonjwa mwingine, basi yakaisha.

Mwaka wa 1989 Lutaaya alirudi nyumbani, akatangaza hadharani kwamba ana virusi vya Ukimwi. Jamani, hilo halikuwa jambo dogo! Hakuna Mganda mwenye jina kubwa aliyekuwa amethubutu kusema hivyo. Je, unadhani wote walimpa pole? La hasha! Wengi hawakumwamini. Walimwona bado ana nguvu, wakasema ati anatafuta kuuza kanda zake tu.

Yeye hakurudi nyuma. Alizunguka shuleni na makanisani akiwaeleza watu jinsi ugonjwa unavyoenea na kuwasihi vijana wajihadhari. Aliimba "Alone and Frightened", wimbo unaoeleza upweke na hofu ya mgonjwa. Siku zilivyopita, watu walimwona akikonda mbele ya macho yao. Shaka ikawatoka. Tarehe 15 Desemba 1989 alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 38. Mwaka uliofuata ikatolewa filamu inayoonyesha safari zake hizo, na baadaye watu wengine wenye virusi waliendelea kwenda shuleni kutoa ushuhuda kwa jina lake.

Katika miaka ya 1990 maambukizi yalianza kupungua Uganda. Sisemi ni kazi ya mtu mmoja, maana wengi walishiriki. Lakini ugonjwa uliokuwa hauna sura ulipata sura ya mtu anayependwa. Hapa kwetu Kenya, mgonjwa wa kwanza alijulikana mwaka wa 1984, lakini Ukimwi ulitangazwa kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, miaka 10 baada ya Lutaaya kusema yake.

Jambo linalonigusa zaidi ni hili: Lutaaya alisema ukweli wakati ambapo ukweli haungemponya. Dawa za mchanganyiko zinazozuia virusi zilianza kutumika mwaka wa 1996, yeye akiwa kaburini. Leo mambo ni tofauti. Anayemeza dawa kila siku huishi, husoma, hufanya kazi na kulea watoto wake. Virusi vikipungua hadi visionekane kwenye vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono.

Sasa nauliza, dawa zipo, mbona aibu bado ipo? Katika mabweni wapo wanafunzi wanaomeza tembe zao chooni, au wanaoziruka kabisa kwa kuogopa kunong'onezwa. Wengi wao walizaliwa na virusi. Tembe moja ikirukwa leo na nyingine kesho, virusi hupata nguvu tena. Kwa hiyo mdomo wetu unaweza kumuua mtu ambaye ugonjwa ulishindwa kumuua.

Ukimwi hauambukizwi kwa kula sahani moja, kusalimiana wala kulala kitanda cha jirani. Ukimwona mwenzako akimeza tembe, mpe maji, kisha nyamaza. Siri ni yake, aitoe mwenyewe akitaka. Si kila mtu awe Lutaaya, lakini kila mmoja wetu anaweza kukataa kuwa mmoja wa wale waliomcheka.