Takács alipigwa na cheo kabla ya bomu

Watu wakimtaja Károly Takács, mlenga shabaha wa Hungaria, huanza na mkono wake. Mimi naona tuanze na cheo chake.

Alizaliwa Budapest mwaka 1910, akawa askari, na kufikia mwaka 1936 alikuwa miongoni mwa walenga shabaha hodari wa bastola. Lakini hakupelekwa kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka huo. Hakuwa mgonjwa, wala hakukosa uwezo. Alikuwa sajini, na nafasi zile zilikuwa za maofisa tu. Hivi risasi nayo hukagua nyota za begani kabla ya kutoka? Baadaye kizuizi kile kiliondolewa, naye akaanza kuitazamia Olimpiki ya 1940.

Mwaka 1938, katika mazoezi ya kijeshi, bomu la mkono lenye hitilafu lilimlipukia na kumvunja mkono wa kulia, uleule wa bastola. Akalazwa hospitali mwezi mzima. Alipotoka akaanza kujifunza kulenga kwa mkono wa kushoto, kimyakimya. Alipotokea kwenye mashindano ya taifa mwaka 1939, wenzake walidhani amekuja kutazama na kuwapa moyo. Akashindana nao, akawashinda.

Kisha vita vikafuta Olimpiki ya 1940 na ya 1944. Ukiniuliza, pigo hili ndilo zito kuliko yote, maana umri haungoji. Alipofika London mwaka 1948 alikuwa na miaka 38. Na mchezo wake si wa kulenga kwa starehe: shabaha tano, umbali wa mita 25, kila shabaha risasi moja, kwa sekunde nane, kisha sita, kisha nne. Bingwa wa dunia, Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, alimwuliza amefuata nini London. Akajibu kuwa amekuja kujifunza. Akapata pointi 580 kati ya 600, rekodi ya dunia. Bingwa akawa wa pili, akakiri kuwa mwenzake amejifunza vya kutosha.

Helsinki, mwaka 1952, akatwaa tena dhahabu kwa pointi 579. Aliyemfuata kwa pointi 578 alikuwa Mhungaria mwenzake, Szilárd Kun, kijana wa miaka 17. Melbourne, mwaka 1956, hakupata medali.

Alifariki mwaka 1976. Sajini yule aliyeachwa nyumbani alistaafu jeshi akiwa luteni kanali.