Michael Faraday (1791–1867)

Mtahiniwa, ukikutana na swali la usumakuumeme, mkumbuke Faraday. Alizaliwa Uingereza, mtoto wa mhunzi maskini. Hakusoma shule sana; akiwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, akawa anavisoma vitabu vilivyoletwa kujalidiwa. Mwaka 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika Royal Institution, London.

Tangu 1820 ilijulikana kuwa umeme huzalisha usumaku. Faraday alitafuta kinyume chake, na kwa miaka kadhaa hakufaulu. Oktoba 1831 aliingiza kipande kirefu cha sumaku ndani ya koili ya waya: mshale wa galvanomita ukacheza. Sumaku ilipotulia, mshale ulirudi sifuri. Alipoichomoa, ukacheza upande wa pili.

Zingatia hapo, kwani wengi hupoteza alama: sumaku iliyotulia ndani ya koili iliyotulia haizalishi mkondo, hata iwe na nguvu kiasi gani. Lazima kuwe na mwendo kati ya sumaku na koili. Jenereta za mabwawa yetu ya umeme hufuata kanuni hiyohiyo.